MAHALI AMBAPO JUA HALITUI

Hapa Basotu jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Hutua kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Ndivyo ilivyo Januari, na ndivyo ilivyo Julai. Mchana mrefu kuliko yote huuzidi mchana mfupi kwa nusu saa hivi. Ndiyo maana sisi huhesabu saa kwa kufuata jua.

Je, dunia nzima iko hivyo? La.

Mistari ya ramani

Katika ramani imechorwa mistari inayoizunguka dunia. Huitwa mistari ya latitudo. Ukitembea njiani huioni. Mstari wa katikati ni Ikweta. Ikweta hupita Kenya na Uganda. Basotu iko kusini ya Ikweta, umbali wa kilomita 480 hivi.

Mstari mwingine uko kaskazini ya Ikweta, umbali wa kilomita 7,400 hivi. Huo ni Mstari wa Aktiki. Hupita katika nchi za baridi kali, kama Norwe, Urusi na Kanada. Ukiuvuka mstari huo kwenda kaskazini, utakuta siku za Juni ambazo jua halitui kabisa. Saa 6 usiku watu huliona jua. Mwezi wa Desemba ziko siku ambazo jua halichomozi. Kadiri unavyokwenda kaskazini zaidi, siku hizo huongezeka.

Jaribu mwenyewe

Usiku, washa taa mezani. Chukua chungwa, ulipenyeze kijiti kutoka juu hadi chini. Tia alama moja katikati ya chungwa, na nyingine karibu na ncha ya juu. Inamisha ncha ya juu kidogo kuelekea taa. Zungusha chungwa polepole. Alama ya katikati huingia kwenye mwanga, kisha gizani. Alama ya juu hubaki kwenye mwanga. Sasa inamisha ncha ya juu upande usio na taa, uzungushe tena. Alama ya juu hubaki gizani.

Dunia nayo imeinama. Inapolizunguka jua kwa mwaka mmoja, kaskazini huelekea jua mwezi wa Juni. Mwezi wa Desemba huelekea upande mwingine.

Jambo hili latuhusu nini?

Katika miaka ya 1970 na 1980 Kanada iliisaidia Tanzania kulima ngano katika nyanda za Hanang, pamoja na Basotu. Mashamba ya ngano ya Kanada hayafiki Mstari wa Aktiki, lakini yako mbali kaskazini. Huko mkulima hungoja theluji iyeyuke. Hupanda Mei, huvuna Agosti na Septemba. Mwezi wa Juni mchana wao hufika saa 16. Wetu ni saa 12 tu, na sisi hungoja mvua.

Mimea mingine hutoa maua kwa kufuata urefu wa mchana. Kwa hiyo mbegu inayozaa vizuri huko yaweza kuchelewa au kushindwa hapa. Ukiletewa mbegu ya mbali, uliza imetoka wapi. Ipande kwanza katika kipande kidogo cha shamba. Ikizaa vizuri, ndipo uipande shamba zima.

Maswali

1. Ikweta hupita nchi zipi jirani zetu?
2. Kwa nini mchana wa Basotu haubadiliki sana?
3. Jadilianeni: ni mbegu gani ngeni zimeletwa kijijini kwenu, nazo zimezaa namna gani?