Mahali na Matini: Maeneo Manne ya Kihistoria ya Uchina kwa Msafiri Msomaji

Utangulizi

Wahenga walinena: tembea uone. Methali hii fupi yaonekana kumaliza maneno yote kuhusu usafiri. Anayetembea huona, na asiyetembea hubakia na ya kuambiwa. Hata hivyo, methali haielezi iwapo macho pekee yatosha. Makala haya yananuia kulijadili suala hilo kwa kuangazia maeneo manne nchini Uchina yanayostahili kuzuriwa. Maeneo yenyewe hayakuteuliwa kwa umaarufu, kwani Ukuta Mkuu na makasri ya Beijing tayari yana sifa tele. Yameteuliwa kwa sababu kila mojawapo linadhihirisha uhusiano wa namna yake baina ya mahali na matini, yaani baina ya kinachoonekana na kilichoandikwa. Hoja inayotetewa ni kwamba nchini Uchina mandhari husomwa sawa na inavyotazamwa, na msafiri asiyesoma hurudi na nusu ya safari.

Matini yanayolijenga jengo: Huanghelou

Katika mji wa Wuhan, juu ya kilima kinachotazama mto Yangtze, kuna Huanghelou, yaani Mnara wa Korongo wa Manjano. Kwa mujibu wa mapokeo, mnara wa kwanza ulijengwa mwaka wa 223 kwa ajili ya ulinzi wa kijeshi. Tangu hapo uliharibiwa na kujengwa upya mara nyingi. Mnara wa mwisho wa kale uliteketea kwa moto mwaka wa 1884. Daraja kubwa la Yangtze lilipokamilika mwaka wa 1957, lilichukua sehemu ya eneo hilo la awali. Mnara anaouona msafiri leo ulifunguliwa mwaka wa 1985, yapata kilomita moja kutoka ulipokuwa ule wa zamani. Umejengwa kwa saruji na vyuma, na ndani yake mna lifti.

Je, hii si hadaa? Msafiri anayetafuta mbao na mawe ya kale ana haki ya kuuliza hivyo. Hata hivyo, kilichoupa mnara huu hadhi si mbao zake. Katika karne ya 8, mshairi Cui Hao wa enzi ya Tang alitunga shairi kuuhusu, akieleza korongo aliyekwenda asirudi na huzuni ya mtu aliye mbali na kwao. Husimuliwa kwamba Li Bai, mshairi mkubwa wa enzi hiyo hiyo, alipofika hapo na kulisoma shairi hilo aliweka kalamu chini, akikiri kuwa hakuna la kuongeza. Iwe kisa hicho ni kweli au ni ngano, kinaonyesha mahali pa shairi katika uhai wa mnara. Jengo lilianguka mara kwa mara, shairi likabaki. Na watu waliolihifadhi shairi vichwani hawakuvumilia kukiona kilima kitupu. Hapa matini ndiyo yaliyolidai jengo.

Mahali palipoyazidi matini: kaburi la Qin Shi Huang

Haimaanishi kwamba maandishi hujua kila kitu. Karibu na mji wa Xi'an kuna kaburi la Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha Uchina mwaka wa 221 K.K. na kuamuru hati moja ya maandishi itumike kote. Alifariki mwaka wa 210 K.K. Takriban karne moja baadaye, mwanahistoria Sima Qian alilieleza kaburi hilo kwa kina: mifano ya mito na bahari iliyotiririka zebaki, mishale iliyotegwa kumfyatukia mwizi, na dari iliyopambwa mfano wa anga.

Mwezi Machi mwaka wa 1974, wakulima waliokuwa wakichimba kisima walikumbana na vipande vya sanamu za udongo. Uchunguzi uliofuata ulifichua jeshi zima lililozikwa, linalokadiriwa kuwa na askari wapatao 8,000 wenye kimo cha binadamu na nyuso zinazotofautiana. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Sima Qian, aliyeitaja zebaki, hakulitaja jeshi hilo. Kwa upande mwingine, vipimo vya udongo wa kilima cha kaburi vimeonyesha kiwango kikubwa cha zebaki, nalo chumba chenyewe cha maziko hadi sasa hakijafunguliwa. Kwa hiyo, matini hayohayo yanaelekea kusadikika kwa jambo moja na yamenyamaza kwa jingine. Mwanafunzi wa fasihi anapata funzo hapa: kimya cha matini si ushahidi kwamba jambo halikuwako.

Matini yaliyo mahali: mlima Taishan

Mahali pa tatu ni mlima Taishan katika mkoa wa Shandong. Kilele chake kina kimo cha zaidi ya mita 1,500, na njia ya kukifikia ni ngazi za mawe zaidi ya 6,000. Wengi hupanda usiku ili walione jua likichomoza. Aliyechoka aweza kupanda gari la kamba. Si mlima mrefu, na aliyeuona Mlima Kenya huenda asishtushwe na urefu wake.

Tofauti ni kwamba Taishan umeandikwa. Wafalme waliupanda ili kutoa dhabihu kwa mbingu na ardhi, nao waliacha maneno yao mwambani. Qin Shi Huang aliupanda mwaka wa 219 K.K., na herufi chache za maandishi yaliyochongwa katika enzi ya Qin zingali zinahifadhiwa katika hekalu lililo chini ya mlima. Mfalme Xuanzong wa enzi ya Tang alichongesha tangazo refu mwaka wa 726, ambalo herufi zake zimepakwa rangi ya dhahabu. Washairi na wasomi walifuata, kila mmoja akiongeza neno lake pembeni mwa la mwenzake. Hivyo apandaye Taishan anaukwea mkusanyiko wa matini uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 2,000, na kila kituo cha kupumzikia ni ukurasa.

Matini yanayovuka bahari: Quanzhou

Bandari ya Quanzhou, katika mkoa wa Fujian, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2021. Mahali hapa pana uzito wa pekee kwa msomaji wa Kiswahili. Msikiti wake wa Qingjing ulianza kujengwa mwaka wa 1009. Ukumbi wake mkuu hauna paa leo, lakini kuta zake za mawe zingali na maandishi ya Kiarabu. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, aliieleza bandari hii kwa jina la Zaitun, ingawa baadhi ya wanahistoria wanatilia shaka sehemu ya masimulizi yake ya Uchina. Aidha, katika makaburi ya Waislamu yaliyo nje ya mji kuna jiwe la mwaka wa 1417 linaloeleza kwamba amiri Zheng He alifukiza ubani hapo kabla ya kusafiri magharibi.

Miaka miwili kabla ya jiwe hilo kuchongwa, mwaka wa 1415, twiga aliwasilishwa katika kasri la mfalme wa Ming kutoka nchi ambayo wataalamu wengi wanaitambua kuwa Malindi. Wachina waliandika tenzi kuhusu mnyama wa aina hiyo na kumchora. Kwetu, kaskazini mwa Malindi, kaburi la mnara la Mambrui lilipambwa kwa bakuli za kauri za Kichina. Upande mmoja wa bahari ulibaki na maandishi. Upande wa pili ulibaki na bakuli.

Hitimisho

Imebainika kwamba matini yaweza kulifufua jengo, kunyamazia jeshi zima, kugeuka kuwa mlima, au kuvuka bahari. Anayenuia kuzuru maeneo haya ashauriwe kuepuka juma la kwanza la Oktoba, wakati wa sikukuu ya taifa ambapo msongamano huwa mkubwa. Na kabla ya kufunga mizigo, asome. Wajibu mkubwa zaidi, hata hivyo, unawasubiri wanafunzi wa Kiswahili nyumbani. Magofu na makaburi ya pwani yanaporomoka kama ulivyoporomoka mnara wa Wuhan. Mnara ule ulisimama tena kwa kuwa palikuwa na shairi lililoudai. Yasiyoandikwa yakianguka, nani atakayeyadai?