Kamera Mpya Inapokataa Kuungana na Mashine ya Kurekodi

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji ataweza kutambua aina ya kamera aliyonunua, kupima mwenyewe sababu ya kamera hiyo kutoonekana kwenye mashine ya kurekodi, na kudai haki yake kwa muuzaji akiwa na ushahidi mkononi.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Nyololo, wilayani Mufindi, ni mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma huachana na barabara iendayo Igowole hadi Mgololo. Malori hupita usiku na mchana, na mwenye duka, nyumba ya wageni au ghala la mbao kando ya njia hiyo ana sababu ya kutaka kujua nani aliingia uani mwake saa nane za usiku. Kamera huenda kuitafuta Mafinga, Makambako, Iringa au Mbeya, kisha hurudi nayo nyumbani na kugundua kwamba mashine haiitambui.

Kamera ya namna hiyo huwa ukutani na taa yake ikawaka, lakini siku mzigo unapopotea hakuna picha ya kuonyesha polisi. Hasara ya pili ni ya fedha: nauli ya kurudisha kifaa kizima, au malipo ya fundi anayebadilisha kila kitu pasipo kupima chochote. Kwa hiyo tunashauri kanuni moja: usiihukumu kamera kuwa mbovu kabla hujabadilisha kitu kimoja kimoja na kuandika kilichotokea. Maandishi hayo ama yatakuonyesha tatizo lilipo, ama yatakuwa hoja yako utakaporudi dukani.

Kwanza, fahamu ulichonunua

Sokoni kuna makundi mawili makubwa. La kwanza ni kamera zinazotumia kebo nene ya duara yenye uzi mmoja katikati, inayofanana na ile ya dishi la runinga. Hizi huungwa kwenye mashine iitwayo DVR, na kwa kawaida hupata umeme wa volti 12 kwa waya wa pembeni. La pili ni kamera za mtandao, ziitwazo kamera za IP, zinazotumia kebo yenye nyaya nane ndani au intaneti isiyo na waya. Hizi huungwa kwenye mashine iitwayo NVR.

Kamera ya kundi moja haifanyi kazi kwenye mashine ya kundi jingine, isipokuwa mashine iliyotengenezwa kupokea zote mbili. Tazama nyuma ya mashine yako. Ukiona matundu ya duara ya chuma yaliyopangwa kwa safu, hiyo ni DVR. Ukiona matundu ya mraba yanayofanana na ya rauta, na hakuna safu ya matundu ya duara, hiyo ni NVR. Ikiwa uliuziwa kamera ya kundi lisilo lako, usipoteze muda kwa vipimo vingine; nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya haki zako.

Hatua za kupima

*1. Leta kamera karibu na mashine.* Ishushe kamera ukutani, iunge kwa kebo fupi unayojua ni nzima, katika tundu ambalo tayari linaonyesha picha ya kamera nyingine. Picha ikitokea, kamera ni nzima na tatizo liko kwenye kebo ndefu, viungio au tundu la awali. Isipotokea, chukua kamera nyingine inayofanya kazi na uiweke kwenye kebo hiyohiyo. Kipimo hiki ndicho chenye faida kuliko vyote, nacho hakihitaji kifaa chochote cha kununua.

*2. Pima umeme unaofika, si unaoondoka.* Adapta inaweza kutoa volti 12 sawasawa, lakini waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu hiyo njiani. Tuseme ghala liko mita 60 kutoka dukani, na waya ni wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.5. Kamera inayotumia ampea 0.5 itapoteza takriban volti 2 njiani, hivyo zitafika kama 10 tu. Waya wa aluminiamu uliopakwa shaba hupoteza zaidi.

Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuitambua: picha huonekana mchana, kisha hutoweka giza linapoingia. Usiku kamera huwasha taa zake zisizoonekana kwa macho, hutumia umeme zaidi, na volti hushuka. Mwombe fundi aweke mita ya umeme kwenye ncha ya kamera wakati wa usiku. Tiba yake ni waya mnene zaidi, au adapta kuwekwa karibu na kamera.

Kwa kamera za IP zinazopokea umeme kupitia kebo ya mtandao, hakikisha kwamba swichi au mashine yako kweli hutoa umeme kwa njia hiyo. Si zote zitoazo. Kebo hiyo isizidi mita 100 kutoka tundu hadi kamera.

*3. Kagua viungio.* Miezi ya ukungu na baridi katika Nyanda za Juu Kusini huacha maji juu ya kila kitu kilicho nje. Kiungio kisichofunikwa hupata kutu ya kijani na picha huanza kukatikakatika. Viungio vyote viwe ndani ya kisanduku kisichopitisha maji. Tazama pia kwamba uzi wa katikati wa kebo haujagusana na nyuzi za pembeni zinazouzunguka.

*4. Kwa DVR: linganisha lugha ya picha.* Kamera za kebo ya duara hutuma picha kwa mifumo tofauti; inayojulikana zaidi ni AHD, TVI, CVI na CVBS, ambao ni wa zamani. Mashine isiyoufahamu mfumo wa kamera yako huonyesha skrini nyeusi ingawa kila waya uko mahali pake. Kamera nyingi zina kitufe kidogo kwenye mkia wa kebo yake cha kubadilisha mfumo. Namna ya kukibonyeza imeelezwa katika kijitabu cha kamera. Linganisha pia ukubwa wa picha: mashine inayopokea mwisho megapikseli 2 inaweza kushindwa kuonyesha picha ya kamera ya megapikseli 5.

*5. Kwa NVR: linganisha anwani.* Kila kifaa cha mtandao kina anwani ya namba. Katika mpangilio wa kawaida wa nyumbani, namba tatu za mwanzo ni kama jina la mtaa, na ya mwisho ni kama namba ya nyumba. Mashine yenye 192.168.1.10 na kamera yenye 192.168.0.64 ziko mitaa miwili tofauti, kwa hiyo hazitaonana. Badilisha anwani ya kamera ili ianze kama ya mashine. Ukinunua kamera mbili za aina moja, ziunge moja baada ya nyingine, kwa sababu huenda zote zimetoka kiwandani na anwani ileile, na nyumba mbili haziwezi kuwa na namba moja katika mtaa mmoja.

*6. Nywila na makubaliano ya vifaa.* Kamera nyingi mpya hazitoi picha mpaka ziwekewe nywila, na mashine lazima ipewe nywila hiyohiyo. Usibahatishe mara nyingi, kwani baadhi ya kamera hujifunga kwa muda. Ikiwa kamera na mashine ni za watengenezaji tofauti, tafuta neno ONVIF kwenye maelezo ya vyote viwili. Hilo ni jina la utaratibu wa pamoja ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya kampuni mbalimbali vielewane. Katika baadhi ya kamera utaratibu huo huja umezimwa, na sharti uuwashe kwanza. Na kama mashine inasema kamera imeunganishwa lakini skrini ni nyeusi, badilisha namna ya kubana picha kutoka H.265 kwenda H.264, kwani mashine za zamani hazisomi ya kwanza.

Mambo mawili ya kujihadhari nayo

Usiruhusu diski ya mashine ifutwe kama sehemu ya matengenezo iwapo kuna tukio ambalo halijachunguzwa; kwanza hamisha picha hizo kwenye kifaa kingine. Vilevile, usisasishe programu ya kamera umeme unapokuwa wa wasiwasi. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, kamera nzima inaweza kufa.

Haki zako ukirudi dukani

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa za aina hiyo matumizi anayoyakusudia, akautegemea utaalamu wake, anastahili bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Lakini anayeingia dukani na kutaja tu jina la kampuni na namba ya kamera anaweza kuupoteza ulinzi huo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, taja mashine uliyonayo, na umwombe muuzaji aandike kwenye risiti: "Kamera hii ni ya kutumika na mashine" fulani, pamoja na jina na namba yake. Mstari mmoja wa wino huokoa safari ya pili.

Dai risiti ya EFD, soma masharti ya dhamana, na tunza boksi na vifaa vyake vyote. Ukirudi, beba maandishi ya vipimo vyako na picha za skrini ulizopiga kwa simu. Muuzaji akikataa kukusikiliza, au ukishuku kwamba kamera ni bandia, wasiliana na Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Kamera ikishakubali, badilisha nywila ambayo fundi alikuwa anaijua, na uelekeze lenzi kwenye mali yako, si dirishani kwa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za watu, na sura ya mtu katika picha yako nayo humtambulisha.

Maswali ya kujipima

1. *Kamera inaonyesha picha mchana na kutoweka usiku. Uanze wapi?* Kwa kupima volti kwenye ncha ya kamera, wakati wa usiku.

2. *Kamera inafanya kazi kwa kebo fupi, haifanyi kazi ikiwa ukutani. Je, uirudishe dukani?* Hapana. Kagua kebo ndefu, viungio na umeme.

3. *Kamera haionyeshi picha hata kwa kebo fupi, katika tundu zima, mfumo na nywila vikiwa sahihi, na kamera nyingine inaonekana hapohapo. Ufanye nini?* Andika matokeo hayo pamoja na tarehe, chukua risiti na boksi, urudi kwa muuzaji kabla muda wa dhamana haujakwisha.