Ukiingia kwenye kompyuta ya kazini, umefungua nini kingine?

Asubuhi karani wako wa hesabu anaweka nenosiri mara moja tu, akiwasha kompyuta. Baadaye anafungua mfumo wa mishahara, wa stoo, hata wa malipo, na haulizwi tena. Si uchawi. Kwenye mtandao wa ofisi unaotumia Windows, seva humpa tiketi ya Kerberos, na mifumo ya ndani hukagua tiketi bila kuliona nenosiri lenyewe. Kwa kawaida tiketi hudumu saa 10, yaani siku nzima ya kazi.

Sasa akienda chai bila kufunga skrini, atakayeketi hapo anaingia kote kwa jina lake. Abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L kabla hajainuka.

PIN ya simu yako haimo kwenye mpango huu. Usimpe mtu, hata akisema ametoka kwetu.