Dondoo muhimu: Ukipata gitaa kuukuu la umeme Tabora

Mkoa uliotoa bendi za Kiko Kids ya Salum Zahoro na Tabora Jazz ya Shem Karenga unastahili kutunza magitaa yake. Ukiletewa moja Kipalapala, mkoani humo, usikimbilie kulipaka rangi.

• Chungulia kwenye matundu yenye umbo la herufi f. Ukiona gogo la mbao limepita katikati, huo ni muundo wa Gibson ES-335 ya mwaka 1958, uliobuniwa kupunguza mvumo wa spika. Likiwa tupu kabisa, ni la ukoo wa ES-150 ya 1936, aliyoipatia sifa mpiga gitaa Charlie Christian.

• Sumaku za kunasa sauti zikiwa bado nzima, usizibadilishe.

• Adui mkubwa ni kiangazi, Mei hadi Oktoba. Mbao hukauka, husinyaa, kisha kifua hupasuka. Lifungie kwenye kasha lake pamoja na sponji iliyokamuliwa vizuri, ndani ya kibweta cha sabuni chenye matundu, na uilowanishe tena ikikauka. Juu ya kabati, karibu na bati, kamwe usiliweke!

• Likipata ufa, legeza nyuzi siku hiyohiyo. Tafadhali, fundi asiguse supagluu: ikishakauka, ni vigumu mno kuitoa bila kuumiza mbao.