SOMO LA AFYA: Mambo Yanayopandisha Shinikizo la Damu na Lehemu

Katika vyama vingi vya msingi vya Musoma, Bunda na Butiama husemwa kwamba presha ni ugonjwa wa watu wa mjini wenye mishahara. Usemi huo una ukweli nusu, na ile nusu isiyo kweli ndiyo iwaangushayo wanachama kwa kiharusi.

Watafiti walikwenda magharibi ya Kenya, kando ya Ziwa Victoria, wakawafuata Wajaluo waliohama vijiji vyao kwenda Nairobi na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Haikuhitajika miaka mingi: mapema tu baada ya kufika mjini, shinikizo la wahamiaji lilizidi lile la waliobaki. Kabila ni lile lile. Kilichobadilika ni chungu. Mkojo wao ulionyesha chumvi imezidi, na potasiamu, madini yapatikanayo katika ndizi, viazi vitamu, maharage na mboga za majani, imepungua. Hivyo basi mji si ukuta. Chumvi hufika hata kijijini, kwa baiskeli.

Mfano wa pili watoka Wilaya ya Ludewa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996. Wakazi wa kando ya Ziwa Nyasa, walao samaki kila siku, walilinganishwa na wakazi wa Lugalawa, ambao chakula chao ni nafaka na mboga. Wala samaki walikutwa na shinikizo la chini zaidi, na damu yao ilikuwa na lehemu (yaani kolesteroli) pungufu pamoja na mafuta mengine. Jambo hili huwashangaza wadhanio kuwa kuacha kila kitoweo ndiyo kinga. Kwa mvuvi wa Mara ni habari njema, ila samaki akishatiwa chumvi akawa kayabo, mambo hugeuka: yapasa alowekwe na maji yake yamwagwe. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya vyakula.

Lehemu nyingi hutengenezwa na ini lenyewe. Nyingine huletwa na vyakula vitokanavyo na wanyama. Mafuta yagandayo, kama ya ng'ombe, samli na siagi, hupunguza uwezo wa ini kuiondoa lehemu katika damu. Mafuta ya mbegu za pamba, zao ambalo makatibu wa Bunda hawahitaji kufundishwa, hayana lehemu, na sehemu yake kubwa ni yale yasiyoganda. Hata hivyo hakuna mafuta yasiyonenepesha. Sigara, pombe nyingi, unene, kukaa kitako kutwa, umri na urithi wa ukoo navyo huchangia.

Hatari iliyo kubwa ni kwamba shinikizo haliumi. Mtu aweza kulibeba miaka mingi huku likiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Hakuna Katibu apokeaye pamba kwa kuikadiria kwa macho, mizani hutangulia. Kadhalika afya ya mwanachama haisomwi usoni. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au kuzidi, na kikarudiwa siku nyingine kikawa vile vile, ni ugonjwa. Katibu aweza kuiomba zahanati ilete kipimo siku ya mkutano mkuu, wakati wanachama wangali wakijiandikisha mlangoni, nao wapumzike dakika tano kabla ya kupimwa.

Aliyekwisha pewa vidonge asiviache kwa kuwa ajisikia mzima, wala asigawane na jirani. Akienda kisiwani kuvua au safarini wakati wa msimu, vidonge vya siku zote hizo viingie mfukoni kabla ya nauli.