Cheo cha lodi hakiandikwi kwenye wosia

Januari 1941 Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi. Mshtakiwa aliachiwa huru, na kisa hicho kimesimuliwa hadi kuchosha. Kisichosimuliwa sana ni mirathi. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume, ila binti mmoja, Diana, aliyetimiza miaka 15 mwezi huohuo, na mdogo wake marehemu, Gilbert.

Vyeo vilikuwa viwili, vikaachana njia. Cha Erroll ni cha Uskoti, cha tangu miaka ya 1450, na masharti yake yanamruhusu binti kurithi pasipokuwa na mwana wa kiume. Diana akawa Countess wa Erroll. Cha Baron Kilmarnock, kilichotolewa 1831, ni cha wanaume tu: kikamruka binti, kikaenda kwa baba yake mdogo.

Mfalme anapotoa cheo, hati yake hutaja tangu mwanzo kitapita kwa nani, na mara nyingi ni kwa wana wa kiume waliozaliwa katika ndoa. Jumba na mashamba mwenyewe aweza kumwachia amtakaye; cheo hakiuzwi, hakigawiwi, wala hakiandikwi kwenye wosia. Mtoto wa kulea hakipati, hata kama ndiye aliyemuuguza mzee. Warithi wakiisha, cheo nacho kimekufa.

Asiyekitaka anaweza kukikana ndani ya mwaka mmoja tangu kukirithi. Sheria hiyo ya 1963 ilipiganiwa na Tony Benn, aliyetaka kubaki mbunge wa kuchaguliwa. Lakini anajivua yeye tu. Akifa, mwanawe anaweza kukichukua. Sheria hiyohiyo iliwafungulia wanawake kama Diana mlango wa Bunge la Mabwanyenye, ambako awali walikuwa na cheo bila kiti. Mwaka 1999 warithi wengi waliondolewa humo, wakabakizwa 92.

Anayedai cheo hupeleka vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo. Akikubaliwa, jina lake huingizwa katika daftari rasmi lililoanzishwa 2004. Asiyemo hatajwi kwa cheo hicho kwenye nyaraka za serikali.

Kwa hiyo ukiona mtandaoni tangazo la kukuuzia u-Lord pamoja na kipande cha ardhi Uskoti kisichotosha hata kuatika mchicha, ujue unanunua karatasi. Biashara ya vyeo halisi ni kosa la jinai Uingereza tangu 1925.