Mkanda wa Judo Haununuliwi



Mwaka jana mama mmoja wa upande wa Nyamira alinijia na mikanda mitatu ya judo ndani ya kikapu. Kijana wake wa miaka 13 alikuwa amevalishwa manjano, machungwa na kijani kwa mwezi mmoja tu, na kila mkanda ulilipiwa. Pesa ya majani chai hiyo! Wiki iliyofuata kijana akaangushwa, akatanguliza mkono, mtulinga ukavunjika. Mama akaniuliza, "Mwalimu, huyu wa kijani anatakiwa kujua nini?"

Swali zuri. Tuanzie hapo.

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano huko Tokyo mwaka 1882. Mwaka uliofuata aliwapa wanafunzi wake wawili, Saigo na Tomita, daraja la kwanza la wakubwa, liitwalo dani. Mkanda mweusi ulikuja baadaye kidogo. Rangi hizi zingine zilienezwa zaidi huko Ulaya, hasa na Kawaishi aliyefundisha Paris kuanzia miaka ya 1930, kwa hivyo kila nchi ina mpangilio wake. Ule wa kawaida ni nyeupe, manjano, machungwa, kijani, buluu, kahawia, halafu nyeusi. Na nyeusi si mwisho, ati. Hiyo ni dani ya kwanza tu, na zinafika kumi.

Sasa mtihani. Kitu cha kwanza kabisa ni kuanguka, wanaita ukemi. Mtoto ajue kuanguka kinyumenyume, kwa ubavu, na kubingirika mbele. Kidevu kifuani, mkono mzima upige mkeka. Asitegemee kiganja kamwe. Huyu kijana wetu hakufundishwa hilo hata siku moja, na hata wa manjano hulijua! Juu ya hayo, wa manjano huonyesha mbinu chache: o-goshi, ya kumbeba mwenzako kwa nyonga, o-soto-gari, ya kumfyeka mguu kwa nyuma, na kesa-gatame, ya kumbana chali. Majina atayasema kwa Kijapani.

Ukipanda, mbinu zinaongezeka, na lazima uziunganishe na kujua kujinasua. Kuna pia randori, yaani mazoezi na mtu ambaye hakubali kuanguka. Hapo ndipo kijani cha kununua huonekana. Kukaba shingo na kukunja kiwiko si mambo ya watoto wadogo. Kati ya mkanda na mkanda miezi hupita. Mweusi huchukua miaka.

Wazazi wengine huogopa kule kuinama. Kuinama ni salamu kwa mwenzako ambaye amekukabidhi mwili wake, si ibada. Sisi Abagusii tuna chinsoni, tunaelewa heshima.

Kabla hujatoa hata shilingi, nenda ukae pembeni utazame. Mwalimu mwenyewe alipewa mkanda na nani, na cheti kiko wapi? Wanaangukia nini? Magodoro ya sponji yanayoachana katikati hayafai. Wanaoanza wanafundishwa kuanguka kwa muda gani? Akikasirika kwa kuulizwa, mchukue mtoto mwende nyumbani.

Yule kijana amepona. Mama alipata mwalimu mwingine, naye akamrudisha kwenye mkanda mweupe. Kijana alinuna siku mbili, sasa anaanguka vizuri. Ule wa kijani mama anafungia ndama.